Nimekaa kwenye baraza la madiwani Dar es Salaam: yapi ni ya diwani, yapi si yake, na lini umbane

Wakuu, salaam.

Humu ndani wiki haipiti bila uzi wa "diwani wetu hafanyi kitu". Nilikuwa diwani katika mojawapo ya halmashauri za mkoa huu kwa kipindi kilichoisha 2025. Kata siitaji, halmashauri siitaji na chama sikitaji, maana tukianza hapo mjadala utaishia hapo hapo. Nataka tuizungumze kazi yenyewe.

Ninachoamini nikiseme mapema. Wananchi wa Dar wanamdai diwani vitu ambavyo sheria ilishamwondolea, halafu vile vichache alivyobaki navyo hawamdai kabisa. Wanaofaidika ni watu wasiopenda kuulizwa maswali.

Tuanze na ukubwa wa kata. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wetu. Kigamboni, ambayo ndiyo halmashauri yetu ndogo kuliko zote kwa idadi ya watu, ina watu 317,902 na kata 9. Ubungo ina watu 1,086,912 na kata 14. Gawanya mwenyewe: diwani wa Kigamboni kwa wastani anawakilisha watu 35,000 na ushee, wa Ubungo anakaribia 78,000. Watu 78,000 ni mji kamili. Wana shule, zahanati, soko, mifereji, wajane waliodhulumiwa, majirani wanaogombania mpaka wa kiwanja, na wote wana namba moja ya simu ya kupiga. Diwani hana karani wala gari la kazi. Posho yake ya mwezi kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 350,000, ukiacha za vikao. Mbunge ana Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya 2009. Diwani hana mfuko. Kwa hiyo ukimwona diwani anakabidhi mabati shuleni huku anapigwa picha, ujue ama ametoa mfukoni kwake, ama kuna mtu kampa, na huyo aliyempa ipo siku atakuja na haja yake ya kibali au zabuni. Hili la mabati linaniuma sana, kwa sababu wananchi wenyewe ndio wanaotulazimisha. Diwani asiyetoa kitu anaitwa mchoyo, hata kama amekesha anasoma hesabu zao.

Sasa mamlaka. Barabara za mitaani zilihamia TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, Julai 2017. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Maji ni DAWASA, umeme ni TANESCO. Mkurugenzi wa halmashauri anateuliwa na Rais, baraza halimwajiri wala halimwondoi. Kodi ya majengo, iliyokuwa nguzo ya mapato ya miji, ukusanyaji wake ulihamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, 2016, na tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla: ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa, mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500 na 7,500. Unailipa kila mwezi unaponunua umeme, halafu unamuuliza diwani kodi yako ya jengo imefanya nini mtaani kwako. Swali ni halali kabisa, ila huyo unayemuuliza si yeye anayeikusanya.

Kilichobaki halmashauri ni taka na usafi, masoko, zahanati na vituo vya afya, majengo ya shule, leseni za biashara, vibali vya ujenzi, mipango miji, sheria ndogo, na ile mikopo ya asilimia 10. Juu ya hayo yote kuna kazi moja kubwa: kusimamia fedha. Nitairudia hapa chini.

Niwaonyeshe inavyokuwa mitaani. Masika moja nilifika kwa mama mmoja anayekaa bondeni, asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha. Alama ya maji ukutani ilikuwa juu ya swichi ya taa. Alikuwa ametandaza kanga juani, juu yake amepanga vyeti vya kuzaliwa vya watoto na vya shule, kila karatasi imewekewa kijiwe isipeperuke. Hatua chache kutoka mlangoni pake kalavati lilikuwa limezibwa na godoro na viroba vya taka.

Hapo nilipokuwa nimesimama palikuwa na wenyewe wanne. Barabara na mtaro wake ni za wakala wa barabara. Godoro na viroba ni taka, hizo ni zetu halmashauri. Mto unaopokea hayo maji uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Na ile nyumba ya jirani iliyojengwa juu ya njia ya maji ni suala la kibali cha ujenzi, letu tena. Tukatoa godoro kwa mikono siku ile ile, mimi, mjumbe wa mtaa na vijana wa bodaboda. Kupanua kalavati kukaingia kwenye barua: mtaa kwenda kata, kata kwenda halmashauri, halmashauri kwenda ofisi husika, na majibu yakawa "litazingatiwa kulingana na upatikanaji wa fedha". Mama yule hajui habari za wakala wala bodi. Anamjua aliyempigia kura, na ana haki.

Msimamo wangu ni kwamba mitaro midogo ya ndani ya mitaa irudi halmashauri, na fedha yake irudi nayo. Anayezoa taka na anayezibua mtaro wakiwa na bosi mmoja, mtaro hauzibi. Barabara kubwa za lami zibaki huko zilipo, wahandisi wako huko na mimi sina ugomvi na hilo.

Na hili la kunyang'anya na kurudisha ni la siku nyingi. Halmashauri zilianza kufutwa 1972 kwa jina la madaraka mikoani. Miji ikarudishiwa halmashauri 1978 baada ya huduma kuoza, zikaja sheria za 1982, na Mwalimu mwenyewe alikuja kusema kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Dar tulikaa bila madiwani tena kuanzia 1996 hadi 2000, jiji likiendeshwa na Tume chini ya Charles Keenja, na wakongwe wengine mpaka leo wanaisifia Tume ile kwa usafi. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ya zamani ikavunjwa na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Wakati wote huo Katiba, ibara ya 146, inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Sasa fedha, na hapa naomba msome taratibu.

Chanzo kikubwa cha halmashauri ya mjini ni ushuru wa huduma, ambao kipindi changu ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni na wafanyabiashara. Halmashauri yenye Posta, Kariakoo na viwanda vya Barabara ya Nyerere haiwezi kulingana na yenye mashamba ya Pembamnazi. Kutoka kwenye mapato ya ndani asilimia 10 inakwenda mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Sehemu kubwa nyingine lazima iende kwenye miradi ya maendeleo. Kinachobaki ndicho kinaendesha ofisi, mafuta ya magari ya taka, vikao na madeni.

Karibu kila uamuzi wa fedha hiyo unapita Kamati ya Fedha na Uongozi, inayokaa kila mwezi. Baraza zima linakaa kila robo mwaka, na hilo ndilo mnaloliona kwenye taarifa ya habari, watu na majoho yao. Mambo yenyewe yanaamuliwa kwenye kamati, na silaha ya diwani kule ni moja tu, kabrasha.

Kabrasha ni rundo la karatasi za kikao. Linatakiwa likufikie mapema. Kuna mwezi lilinifikia jioni, kikao kesho yake saa nne asubuhi. Nikalisoma lote, na kwenye jedwali la ushuru wa masoko nikakuta safu tatu: makisio, makusanyo, asilimia. Pembeni kwa maandishi madogo kulikuwa na kiasi kilichokusanywa kwa mashine za kukatia risiti za ushuru ambacho hakijapelekwa benki. Nilipopewa nafasi niliuliza kitu kimoja tu: naomba orodha ya mashine kwa namba, jina la aliyekabidhiwa kila moja, na tarehe ya mwisho aliyopeleka fedha benki. Chumba kizima kilinyamaza. Niliambiwa hilo ni suala la utendaji. Nikasema sawa, basi liandikwe kwenye muhtasari kwamba limeulizwa. Mwenyekiti akaruhusu liandikwe. Kabla ya kikao kilichofuata sehemu ya fedha ile ilikuwa imeshaingia benki, orodha yenyewe ikaja baadaye. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, analiandika tatizo hili karibu kila ripoti, lakini ripoti yake inatoka mwaka umeshaisha. Diwani anaweza kuliona ndani ya mwezi huo huo.

Hakuna aliyenipigia makofi kwa swali lile, wala sikupigwa picha. Lakini darasa moja la fedha za UVIKO mwaka 2021 lilijengwa kwa shilingi milioni 20. Pigeni hesabu wenyewe mashine zisizopeleka fedha benki zinakula madarasa mangapi.

Mwisho, lini umbane diwani wako. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na Julai ndipo simu zinapomiminika: mheshimiwa zahanati, mheshimiwa vyoo vya shule. Wakati huo bajeti imeshafungwa. Vipaumbele vinaibuliwa mtaani, vinapita Kamati ya Maendeleo ya Kata tunayoiita WDC, ambayo diwani ndiye mwenyekiti na mtendaji wa kata ndiye katibu, kisha vinapanda halmashauri kati ya Novemba na Februari. Mkutano wa mtaa wa Oktoba au Novemba wenye watu 40 ndio unaoamua zahanati. Nimeshuhudia mtaa wa watu maelfu ukipangiwa kipaumbele na wazee wachache na mwenyekiti wao, kwa sababu wengine wote walikuwa kazini au hawakujua kama kuna kikao.

Karibuni tujadili.

—

Mkazi wa Mbezi:

Mkuu umeandika vizuri, lakini unawasafisha wenzako. Diwani wetu tulimwona wakati wa kampeni, tukamwona tena wakati wa kampeni. Mkutano wa mtaa nao unaitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi. Mimi naondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri nikawahi mwendokasi, narudi saa tatu usiku. Niende saa ngapi?

—

Mleta uzi:

Mkuu, la saa nakubaliana nawe moja kwa moja. Mkutano wa saa nne siku ya Jumanne kwa mji huu ni sawa na kutouitisha. Ombeni Jumapili jioni. Wananchi wakiandika barua kwa mwenyekiti wa mtaa na nakala kwa mtendaji wa kata, wakasaini watu kumi na tano tu, ni vigumu kuikataa, kwa sababu nakala inabaki kwenye faili na diwani kama mwenyekiti wa WDC anaweza kuiulizia. Barua hiyo iandikeni hata kama diwani wenu haonekani. Wasioonekana wapo, na sina nia ya kuwatetea.

—

Mama lishe, Temeke:

Mimi naomba kuuliza la mikopo. Sisi kikundi chetu tuliomba, tukajaza fomu, tukafungua akaunti, halafu ikasimama nchi nzima. Wengine wamekata tamaa wameondoka kikundini. Sasa hivi ikoje?

—

Mleta uzi:

Pole sana dada yangu. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti ya CAG kuonyesha fedha nyingi hazirejeshwi na vikundi vingine havipo kabisa. Ilifunguliwa tena 2024 kwa utaratibu mpya, na baadhi ya halmashauri, ikiwemo Jiji la Dar es Salaam, ziliwekwa kwenye majaribio ya kupitishia benki. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, muulizeni kama kikundi bado kiko kwenye usajili, na kama wanachama wamebadilika mrekebishe katiba yenu kwanza, maana hapo ndipo maombi mengi yanapokwama.

Na nikuambie kitu nilichokiona mezani. Vikundi hewa havikuja kutoka mbinguni. Jina la kikundi linapita mtaani, linapita WDC, ndipo linapanda. Pale kwenye WDC mtu mmoja akisema "huyu katibu wa kikundi simjui, na mtaa anaoutaja mimi ndiye mwenyekiti wake", kikundi hewa kinakufa pale pale. Tatizo orodha inaletwa mwisho wa kikao, watu wanaangalia saa. Nilikuwa naiweka ajenda ya kwanza. Akina mama kama nyinyi mliopoteza nafasi mlipoteza kwa sababu ya watu ambao hawakuwahi hata kukaanga andazi moja.

—

Mtendaji mstaafu:

Mheshimiwa amesema kweli kuhusu mashine. Niongeze upande wetu. Mtendaji wa mtaa anapewa lengo la makusanyo, anapewa kazi ya usafi, ulinzi, sensa, chanjo, uandikishaji, na kila mgeni wa wilaya akija lazima awepo. Watendaji wa kata tangu 2021 wanapata posho ya shilingi 100,000 kwa mwezi ya madaraka, inasaidia. Wa mitaa wanahangaika. Na mwenyekiti wa mtaa hana mshahara, ndiyo maana barua ya utambulisho mtu anaombwa "ya soda". Mkitaka mambo yanyooke anzieni hapo chini kabisa.

—

Mleta uzi:

Mzee wangu shikamoo, na asante. Hapo ndipo kwenye moyo wa jambo. Mwenyekiti wa mtaa anaamshwa usiku wa manane kwa msiba, kwa wizi, kwa ugomvi wa mume na mke, na tunamlipa kwa heshima. Nilipigania posho yao iwe mstari wake kwenye bajeti badala ya kutegemea "hali ya makusanyo", na ilipita kwa shida, kwa sababu wakati wa kubana matumizi wasio na sauti chumbani ndio wanaokatwa kwanza. Na wewe mwananchi ukidaiwa hela ofisi yoyote ya mtaa au kata, omba kumbukumbu namba ya malipo ya serikali. Isipotolewa, hela hiyo haina pa kuonekana kwenye kabrasha la diwani, na hawezi kuiulizia.

—

Mkazi wa Kibada:

Taka je? Huku Kigamboni gari linapita likijisikia, ada tunadaiwa kila mwezi.

—

Mleta uzi:

Taka ni yetu moja kwa moja, na hapo mbane diwani bila huruma. Ila elewa hesabu inavyokwenda. Dampo linalotegemewa na mji ni la Pugu Kinyamwezi. Gari linalotoka upande wenu linazunguka mji mzima kwenda kumwaga na kurudi, siku inaisha kwa safari moja au mbili. Mzoaji anaona heri azoe mitaa ya karibu yenye lami inayolipa vizuri. Kwa hiyo swali la kumuuliza diwani ni la mkataba: mzoaji wa mtaa wetu ni nani, mkataba wake unasema apite mara ngapi kwa wiki, na asipopita anakatwa nini. Mkataba ni wa halmashauri, na diwani anaweza kuuomba kamati ya mazingira. Mkijua siku ya gari, andikeni siku lisipopita, mtaa mzima, miezi mitatu. Daftari hilo likiletwa kwenye kamati mzoaji hana la kujibu. Na la kudumu ni eneo la kukusanyia taka upande wa Kigamboni kabla ya safari ndefu, jambo ambalo kila mtu analitaka ila hakuna mtaa unaokubali likae kwao.

—

Mkazi wa Mbezi:

Nimekuelewa mkuu, nitaipeleka hiyo barua ya Jumapili. Swali la mwisho: mimi raia wa kawaida naruhusiwa kuingia baraza la madiwani au mpaka nialikwe?

—

Mleta uzi:

Unaruhusiwa. Mkutano wa baraza ni wa wazi, unakaa sehemu ya wageni, husemi, unasikiliza. Ratiba ulizia ofisi ya halmashauri, mara nyingi tangazo linabandikwa ubaoni. Nenda na daftari, kaa mpaka taarifa za kata zisomwe, na andika diwani wako amesema nini kuhusu kata yenu. Kama hakusema chochote, muulize kwenye mkutano huo wa Jumapili mtakaouomba, mbele ya majirani zako.